Sikio la kichanga hujibu lenyewe

Msomaji mmoja anayenyonyesha ameuliza: mtoto wa wiki tatu anapimwaje usikivu, na hata jina lake bado halijui?

Mtu mzima hubonyeza kitufe kila asikiapo mlio. Wa miaka mitatu hupewa vibao vya kuchezea, akisikia anatumbukiza kimoja kwenye kopo. Wa miezi minane hugeuza kichwa. Kichanga hana la kufanya, ila sikio lake hujibu, na hapo ndipo pananifurahisha.

Mwaka 1978 mwanafizikia David Kemp, akiwa London, alieleza alichokinasa kwa maikrofoni ndogo kwenye tundu la sikio: unapiga mlio mfupi, na milisekunde chache baadaye sikio linatoa sauti yake, hafifu mno. Thomas Gold alikuwa amesema tangu 1948 kwamba lazima ndani ya sikio kuna nguvu inayoongezwa. Hakusikilizwa.

Nguvu hiyo hutoka kwenye seli za vinywele vya nje, kama 12,000 kwa kila sikio, zilizojipanga ndani ya koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio. Sauti ikipita, kila seli hujifupisha na kujirefusha kwa mdundo wa sauti hiyo, maelfu ya mara kwa sekunde, kwa msukumo wa protini iitwayo prestini. Chukua mtoto kwenye pembea. Ukimwacha, pembea inazidi kupoa hadi inasimama. Lakini akiwepo mtu nyuma yake, akamsukuma kidogo tu, kila mara pembea inapoanza kurudi mbele, mtoto atapaa. Seli zile ndizo wasukumaji. Sasa panga pembea maelfu kwa mstari, kila moja na mwendo wake: za haraka mlangoni mwa koklea, kwa sauti nyembamba, za polepole mwisho kabisa, kwa sauti nzito. Sehemu ya misukumo hiyo hurudi nyuma, ikatikisa ngoma ya sikio kutoka ndani, na maikrofoni ikanasa. Sauti nyembamba hutangulia kurudi, kwa kuwa pembea zake ziko karibu. Raha iliyoje!

Kwa hiyo kichanga ananyonyeshwa, analala, anawekewa sikioni kizibo laini chenye maikrofoni, na mara nyingi kipimo huisha kabla hajaamka. Majimaji yaliyobaki sikioni yanaweza kuzuia jibu. Hapo hurudiwa siku nyingine.

Ila kipimo hiki peke yake hakimtoshi kila mtoto. Manjano makali ya watoto wachanga yanaweza kuharibu neva ya kusikia na kuziacha seli zile salama. Sikio litajibu vizuri, na ubongo usipate kitu. Mtoto wa namna hiyo hubandikwa elektrodi kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, zisome kama ujumbe umefika kwenye shina la ubongo.

Basi, dada, ukifika kliniki mtajie mpimaji kama mtoto alipata manjano au alilazwa wodi ya watoto wachanga, hata kama sasa amenona.