Mbona Hapungui?

Mwezi huu tumeazimia kuandika juu ya jambo la nyumbani ambalo watu hulisema chini chini, tena aghalabu kwa kucheka: mtu anayekula kwa kiasi, anayefanya kazi na kutembea kila siku, na mwili wake hata hivyo haupungui. Jambo hili hatukulitafuta vitabuni. Lilitukuta ndani ya nyumba yetu, na katika habari yenyewe sisi ndio wenye kosa. Mama wa watoto wetu ameturuhusu tuyaandike yote, ila ametaka jina lake lisitajwe, nasi tumemwahidi hivyo.

Kwanza msomaji asiyepajua Mgeta apajue kidogo. Ukitoka Morogoro kwa njia ya Mzumbe ukapita Mlali, gari huanza kuipanda milima ya Uluguru kwa upande wa magharibi, na tangu hapo ni shida kupata mahali tambarare pa kutosha watoto kuchezea mpira. Mashamba yetu yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa milima, na humo twalima kabichi, karoti, njegere, viazi na maharage, ambavyo malori huvichukua hata Dar es Salaam. Maji yako bondeni, nyumba iko juu. Shamba liko ng'ambo ya bonde, na soko la Nyandira liko juu zaidi. Mwanamke wa huku hupanda na mzigo kichwani na mtoto mgongoni njia ambayo mgeni wa mjini huipanda akishika majani kwa mikono yote miwili. Basi mtu akisema kwamba fulani ni mnene kwa kuwa hafanyi mazoezi, sisi wa Mgeta hatuna budi kumwuliza: mazoezi gani tena zaidi ya haya?

Miaka mitatu iliyopita muuguzi wa zahanati alimpima mama huyu, akamwona ana kilo 89, na presha yake ni 160 kwa 100. Akampa dawa za presha, kisha akamwambia apunguze mwili. Naye ni mtu wa kushika neno. Akaacha sukari katika chai, na huku kwetu kwenye baridi chai hunywewa asubuhi, adhuhuri na usiku. Akaacha maandazi. Ugali akaupunguza nusu, na ile nusu nyingine ya sahani akaijaza kabichi na maharage. Tena juu ya kazi ya shamba, kila alfajiri baada ya Sala akawa anashuka hata mtoni na kupanda tena, mikono mitupu, kwa ajili ya mwili tu. Jirani mmoja alimwuliza kama amepoteza kitu njiani.

Miezi mitatu ikapita, akawa na kilo 84. Tulifurahi, ingawa si wote waliofurahi. Msomaji anajua kwamba katika nchi yetu, tangu ile miaka ya 1980 na 1990 ukimwi ulipokuwa ukichukua watu kila kijiji, mtu akikonda huulizwa kwa macho kabla ya kuulizwa kwa mdomo. Shangazi yake alikuja na kuku wawili na dumu la mafuta, akasema mtoto wao hatunzwi. Tukacheka, tukawala wale kuku. Mwezi wa nne mizani ikasema 84. Wa tano, 84. Wa sita, 85.

Hapo ndipo kosa letu lilipoingia. Sisi tuliomfundisha mtoto wa watu kwamba dhana mbaya ni dhambi, tulianza kumdhania mwenzetu kwamba anakula kwa siri. Jioni moja tulikuta viazi vimepungua chunguni, na mbele ya watoto tukasema neno ambalo hatutaliandika hapa. Hakujibu. Kumbe viazi vile alivila mjukuu wetu aliporudi kutoka chuoni na njaa yake, naye alipoona mambo yamekuwa makubwa akaogopa kusema.

Kesho yake mama huyu alikuja na sahani yake akaketi mbele yetu. Akasema, "Maalim, tangu leo sitatia kitu kinywani ila wewe uko hapa unatazama. Mwisho wa mwezi twende pamoja kwenye mizani." Na ndivyo alivyofanya kwa siku 30. Alikula mbele yetu kama mtoto anayelishwa dawa, hata tukaona haya kuinua macho. Mwisho wa mwezi tulishuka naye zahanati. Mizani ikasema 85.

Muuguzi hakushangaa. Alisema anaowaona hivyo ni wengi, na waume wanaokuja na uso kama wetu ni wengi vile vile. Wala jambo lenyewe si la Mgeta peke yake. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2004-05, katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, walioonekana kuzidi uzito walikuwa 18. Ulipofanywa tena mwaka 2015-16 walikuwa 28.

Habari iliyotufungua macho zaidi aliileta kijana wetu anayesoma Morogoro, nayo imetoka katika nchi yetu wenyewe. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, wako Wahadzabe, ambao baadhi yao bado waishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wataalamu, akiwamo Mmarekani Herman Pontzer na mtaalamu wetu Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitaka kujua mwili wa mtu atembeaye hivyo kutwa huchoma chakula kiasi gani. Waliwapima watu wazima 30. Mwanamume wa Kihadzabe alitembea kiasi cha kilomita 11 kwa siku, na mwanamke karibu 6. Wakawanywesha maji yaliyotiwa alama maalumu ambayo haimdhuru mtu, kisha wakawa wanapima mkojo wao siku baada ya siku. Kwa njia hiyo hujulikana mwili umetumia nguvu kiasi gani, pasipo kumfunga mtu ndani ya chumba.

Matokeo yalitolewa mwaka 2012, na yaliwashangaza waliopima. Ukiondoa tofauti ya ukubwa wa mwili, Mhadzabe atembeaye porini kutwa hutumia kwa siku nguvu zile zile atumiazo karani wa Marekani akaaye juu ya kiti. Mwaka 2016 Pontzer na wenzake waliwapima watu wa nchi tano, zikiwamo Ghana na Afrika Kusini, wakaona mfano wa hayo: mtu akiongeza kazi, matumizi ya mwili huongezeka kidogo, kisha hufika mahali yakakaa. Wapo wataalamu wanaobishana nao juu ya kiasi chake, lakini jambo lenyewe halikataliki kwa wepesi. Mwili ukiona umetumia sana miguuni, hubana mahali pengine.

Tulipoyasikia haya tulimkumbuka mama yetu mzazi wakati wa njaa. Akiona debe la unga limefika nusu na mavuno yako mbali, hakusema neno kwa mtu. Alipunguza kibaba tu. Nasi watoto hatukujua, ila tuliona ugali umekuwa mdogo. Mwili nao ni mwenye ghala wa namna hiyo. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, Jeffrey Friedman na wenzake waligundua kitu kiitwacho leptini, ambacho hutoka katika mafuta ya mwili yenyewe na kwenda na damu hata kwenye ubongo kuupa habari ya akiba. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo hudhani njaa imeingia nchini. Hapo huamuru mambo mawili: tumbo lidai zaidi, na mwili utumie kidogo. Ubongo haujui kwamba muuguzi ndiye aliyetaka mtu apungue.

Ushahidi ulio mzito kuliko yote ulitoka Marekani. Huko palikuwa na mashindano ya televisheni ya kupunguza mwili, na watu walitaabishwa kwa mazoezi na kwa kula kidogo muda wa majuma 30. Wataalamu, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwafuata 14 katika hao baada ya miaka sita, wakatoa habari zao mwaka 2016. Kwa kadiri, kila mmoja alikuwa amepunguza kilo 58, na kilo 41 zilikuwa zimekwisha rudi. Na miili yao, miaka sita baadaye, ilikuwa bado ikichoma kila siku kalori 500 pungufu kuliko ilivyotazamiwa kwa mtu wa ukubwa ule. Tulipomsomea mama wa nyumbani habari hii, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi hata wao."

Hatusemi kwamba chakula si kitu. Huo utakuwa uongo, kwani katika kupungua chakula kina nguvu kuliko mazoezi, na habari ya Wahadzabe yatuonyesha hivyo. Tena yako mambo yanayojificha. Mama huyu alipochunguza jiko lake mwenyewe aligundua kwamba mafuta aliyamimina kwa mkono kutoka katika dumu, kama wafanyavyo wote, na kumbe kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120. Siku hizi ayapima kwa kijiko. Karanga nazo, ambazo mtu hutafuna akipalilia, huingia bila kuhesabiwa. Hayo yalimpunguzia kilo mbili, akafika 83, na hapo mwili ukakaa.

Na yako mambo ambayo si ya jikoni. Tezi ya shingoni ikizembea, mwili huongezeka na baridi humsumbua mtu. Dawa nyingine hunenepesha: prednisoloni, insulini, sindano ya kupanga uzazi kwa baadhi ya wanawake, na baadhi ya dawa za maradhi ya akili. Asizikatae mtu wala asiziache kwa sababu hiyo, amwulize aliyempa. Umri nao una sehemu yake, hasa mwanamke anapokoma hedhi, kwani nyama za nguvu hupungua na mafuta huhamia tumboni. Na uzito ukiongezeka kwa ghafula, pamoja na miguu kuvimba na pumzi kuwa fupi, huo huenda si unene bali ni maji, nao ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Sasa tulieleze lile tulilotaka kuliruka. Katika ile miezi ya dhana yetu, mama huyu alinunua mjini kwa mchuuzi pakiti za unga wa kupunguza mwili. Alizinunua kwa fedha ya karoti na kwa aibu tuliyomtia sisi. Alihara siku nne, moyo ukawa unamwenda mbio usiku, na mizani ikashuka kilo tatu. Juma moja baadaye zote tatu zilikuwa zimerudi, maana yaliyotoka ni maji, mafuta hayakuguswa. Nchi nyingi zimepata kukamata dawa za namna hii, zisemwazo kuwa ni majani matupu, zikakutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa iliwaletea watu maradhi ya moyo na kiharusi. Kwa mwenye presha, pakiti ile ingaliweza kuwa sanda. Twaliandika hili kwa waume wenzetu hasa.

Twawakumbusha pia Bibi Sauda, Mama wa Waislamu, aliyekuwa na mwili mzito. Usiku wa Muzdalifa aliomba ruhusa ya kutangulia kabla ya msongamano wa watu, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu bila ya neno lolote juu ya mwili wake. Tumelisomesha hilo miaka mingi katika mlango wa Hija, na hatukupata kulisomesha katika mlango wa adabu ya nyumbani.

Muuguzi yule ndiye aliyetupa kipimo kingine. Alisema tuache kuiangalia mizani kila juma, tuiangalie presha, na kiuno, na pumzi mlimani. Na hapo, ndugu wasomaji, taabu ya mama huyu ilionekana haikupotea hata siku moja. Presha iliyokuwa 160 kwa 100 sasa ni 130 kwa 80 na kitu, na dawa imepunguzwa na daktari. Sukari ya damu, iliyokuwa imeanza kupanda, imerudi mahali pake. Kanga yake yafunga mkunjo mmoja zaidi kiunoni, ingawa kilo ni zile 83. Wataalamu wasema hivyo hivyo: mtu aliyeshusha uzito wake hata sehemu tano katika mia hupata faida katika presha na sukari, na mazoezi huufaa moyo hata mizani isiposogea.

Ijumaa iliyopita tulipanda naye kutoka mtoni hata chuoni kwetu, njia ambayo zamani alikuwa akipumzika mara nne. Safari hii alipumzika mara moja. Sisi, ambao tangu ujana ni wembamba na hatujapata kuambiwa neno na muuguzi yeyote, tulipumzika mara tatu, na mara ya mwisho tulimkuta ameketi juu ya jiwe akitungoja, ametukunjulia kanga tuketi.