Je, Wajua? Ukoka na Baridi ya Mlima

Je, wajua kwamba zile nyasi za kikuyu unazozikanyaga Marangu zimefika Marekani? Ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, zimezoea baridi yetu tangu zamani. Mwaka 2028 gofu ya Olimpiki itachezwa Riviera, Los Angeles, na nyasi za uwanja ule ni hizo hizo za kikuyu! Na bado: ukizikata mara kwa mara ndipo huchanua zaidi. Amka mapema uone nyuzi nyeupe zilizochomoza juu ya bustani nzima.

Juni na Julai, mlima wetu Kilimanjaro ukijifunika mawingu, ukoka wa Moshi hupunguza mwendo. Usiuhangaikie, haujaugua! Nchi za theluji, udongo ukishuka chini ya nyuzi joto 10, ukoka hulala miezi kadhaa ukiwa kahawia tupu, kisha huamka kijani. Wewe pandisha tu kisu cha mashine, wala usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja.

Mashine yenyewe je? Ilibuniwa Uingereza mwaka 1830 na Edwin Budding, aliyeiga mtambo wa kunyoa manyoya ya vitambaa kiwandani!

Ile harufu tamu ya majani yaliyokatwa, unaijua? Ni jani lililojeruhiwa linamwaga kemikali hewani. Baadhi ya nyigu huifuata harufu hiyo wakawinda viwavi.

Sasa panda nami juu, mita 4,000, kwenye sakitu ya usiku. Nyasi za huko hukua kwa mafundo na hazitupi majani yake makavu: huyavaa kama koti, machipukizi yakae salama katikati. Ungezifyeka ziwe safi, ungezivua nguo! Na alfajiri usizikanyage. Jani lililoganda huvunjika ndani kwa ndani, nyayo zako zikajitokeza baadaye kwa rangi ya kahawia.

Huku vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, majani ni chakula cha mifugo. Ng'ombe wanalishwa zizini, na akina mama hupandisha mizigo ya majani kutoka tambarare kwa kichwa. Hebu fikiria mlima ule!

Na hii je? Juni 2017 wanawake walicheza mpira dakika 90 kwenye kreta ya Kibo, mita 5,714 juu ya bahari. Uwanja mzima ulikuwa majivu ya volkano, bila unyasi hata mmoja!