Ushauri wa biashara unaolipa: somo kutoka masoko ya Mlima Kenya

Katika miji ya chini ya Mlima Kenya, biashara huigana. Mtu akifungua duka la pembejeo Kerugoya akapata wateja, msimu wa mvua unaofuata hayakosi maduka mengine mawili kando yake. Yote yanauza mbolea ileile, mbegu zilezile na dawa zilezile za nyanya, kwa bei zinazopishana kwa shilingi chache. Hata hivyo, mwaka ukiisha, mmoja amekodi chumba cha pili na mwenzake amerudisha ufunguo kwa landilodi. Wapo wanaosema ni bahati, wapo wanaosema ni mtaji, na wapo wanaosema ni mahali duka lilipo. Sayansi ya usimamizi imeongeza sababu ya nne, tena imeipima: namna mwenye duka anavyoendesha kazi yake ya kila siku.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na kwamba katika miaka 5 iliyotangulia, biashara takriban milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa. Ili kupunguza vifo hivyo, serikali, benki na mashirika ya misaada huwaita wafanyabiashara kwenye semina. Mwenye duka naye hujiuliza, kimoyomoyo, kama siku alizofunga mlango ili akasikilize zitamletea pesa au zitamletea soda na cheti tu.

Mwaka wa 2017, watafiti David McKenzie na Christopher Woodruff walichapisha kazi iliyolinganisha biashara ndogo katika nchi 7, Kenya ikiwemo. Waliwauliza wenye biashara maswali 26 kuhusu mambo wanayoyafanya: masoko, ununuzi wa bidhaa, uwekaji hesabu na mipango ya fedha. Ni maswali ambayo mtu yeyote wa Kagio au Karatina angeyaelewa. Je, umewahi kupita kwa washindani wako kuona bei zao? Umemuuliza mteja aliyeacha kuja kwa nini haji tena? Je, ni nadra bidhaa kukuishia? Unaandika kila unachouza na kila unachonunua? Unajua ni bidhaa gani inayokupa faida kubwa zaidi? Waliojibu "ndiyo" mara nyingi ndio waliouza zaidi, wakapata faida zaidi na wakadumu zaidi.

Hata hivyo, hapo pana mtego. Huenda mtu mwenye bidii ndiye anayeandika hesabu, na ni bidii hiyohiyo inayomletea wateja hata asipokuwa na daftari. Ili kutenganisha mambo hayo mawili, watafiti wa siku hizi hutumia kura. Huwaandikisha wafanyabiashara wanaofanana, hupiga kura kuamua nani afundishwe na nani asubiri, kisha hurudi baada ya mwaka mmoja au miaka mitatu kulinganisha makundi hayo. Kwa kuwa kura haijui nani ana bidii, tofauti itakayoonekana kwa jumla ni kazi ya mafunzo.

Jaribio kubwa la namna hiyo lilifanywa, kwa sehemu, jirani kabisa na Kerugoya. McKenzie, safari hii akiwa na Susana Puerto wa Shirika la Kazi Duniani, aliwafuatilia wanawake zaidi ya 3,500 wenye biashara katika masoko 157 ya mashambani katika kaunti za Embu, Kitui, Kakamega na Kisii. Kura ilipigwa mara mbili. Kwanza yalichaguliwa masoko ya kupewa mafunzo. Kisha, ndani ya masoko hayo, walichaguliwa wanawake watakaohudhuria kozi ya siku 5, na wenzao wa soko hilohilo wakabaki vibandani mwao.

Kura ya pili ilikuwa na sababu. Wengi wetu tunaamini kwamba soko ni kama sahani moja ya chakula, ambapo anayejipakulia zaidi amempunguzia mwenzake. Ikiwa ni hivyo, kumfundisha mama mmoja wa nyanya ni kumnyang'anya wateja mama aliye kibanda cha pili, na kaunti nzima haijapata kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha vingine. Miaka 3 baada ya mafunzo, waliofundishwa walikuwa wakiuza zaidi kwa karibu asilimia 18 na kupata faida zaidi kwa karibu asilimia 15. Hapakuonekana dalili kwamba majirani zao walipoteza. Masoko yenyewe yalikuwa yamekua: wateja wameongezeka na mauzo yamepanda. Sababu waliyoiona watafiti ni kwamba waliofundishwa waliboresha jinsi ya kuwahudumia wateja na wakaleta bidhaa ambazo awali hawakuwa wakiuza. Huenda mnunuzi aliyekuwa akipanda matatu kwenda kutafuta kitu mjini alianza kukipata karibu na kwake.

Tukiishia hapo, tutasema semina zinatosha. Utafiti wa Dandora, jijini Nairobi, unatuzuia. Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwagawa kwa kura wanawake walioanza biashara si muda mrefu. Kundi moja lilipelekwa darasani. Kundi jingine lilipewa, kila mmoja na wake, mama mzoefu wa biashara wa mtaa uleule wa kumshauri. Wa darasani walibadilisha baadhi ya mambo katika uendeshaji wa biashara, lakini faida haikupanda. Walioshauriwa na mama mzoefu walipata faida zaidi kwa wastani wa asilimia 20. Walichofaidi zaidi ni habari za mtaani, hasa wapi pa kununua bidhaa kwa bei nafuu. Uhusiano ulipovunjika, faida nayo ilififia. Kinyume chake, katika jaribio la Embu na kaunti zile nyingine, baadhi ya wanawake waliongezewa washauri baada ya kozi, na hilo halikuleta nyongeza iliyoonekana.

Basi nani tumwamini? Mimi nazisoma tafiti hizi mbili kama ushahidi wa jambo moja. Faida ilipanda pale ambapo kitu mahususi kilibadilika ndani ya biashara: bidhaa mpya mezani, mteja kuhudumiwa vizuri, au mahali pa kununua kwa bei nafuu. Haikupanda pale ambapo kilichobadilika ni daftari peke yake. Darasa au mshauri ni njia tu. Ushauri wa jumla, hata uwe mzuri namna gani, haujazi mfuko mpaka ugeuzwe kuwa kitendo kinacholihusu duka lako.

Chukua suala la chenji. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson waliwachunguza wafanyabiashara wadogo magharibi mwa Kenya, na mwaka wa 2014 wakachapisha makadirio yao: kwa kukosa chenji tu, mfanyabiashara alikuwa akipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yake. Mteja huja na noti ya shilingi elfu moja kununua mkate, muuzaji huanza kuzunguka kwa majirani kuomba chenji, na mteja huondoka. Dawa ilikuwa rahisi ajabu. Wenye maduka walipoulizwa kila wiki ni mauzo mangapi wameyapoteza kwa njia hiyo, wengi walianza kuweka chenji ya kutosha, na hasara ikapungua. Hakuna aliyewafundisha kitu wasichokijua. Walianza tu kuhesabu kitu ambacho hawakuwa wakikihesabu. Leo watu wengi wanalipa kwa M-Pesa, na kwa mwenye duka aliye pia wakala, tatizo la namna hiyo ni floti inayokwisha saa kumi jioni. Dawa ni ileile: hesabu wateja uliowarudisha.

Jaribio jingine limeingia katika akili unde. Mwaka wa 2023, kundi la watafiti wakiongozwa na Nicholas Otis liliwapa wafanyabiashara wa Kenya mshauri wa kidijitali kupitia WhatsApp, anayetumia GPT-4. Wafanyabiashara 640 walihusishwa, na kura ikaamua nani apate mshauri huyo. Kwa wastani, faida haikubadilika. Lakini wastani huo ulificha mambo mawili. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo waliinuka kwa karibu asilimia 15, na waliokuwa wakisuasua wakashuka kwa karibu asilimia 8. Maswali waliyouliza hayakutofautiana sana, wala majibu waliyopewa. Tofauti ilikuwa katika kuchagua ni ushauri upi wa kuufuata. Mwenye duka dhaifu huchukua jibu la jumla, kama vile kupunguza bei au kutumia pesa kwenye matangazo, akajikuta anauza zaidi kwa hasara. Mwenye duka imara huliacha hilo na kuchukua lile linalofaa kazi yake. Simu haimpi mtu uwezo wa kupambanua. Humkuta nao au humkuta hana.

Uwezo huo hutokana na kumjua mteja, na kumjua mteja huanza na kujua pesa yake inaingia lini. Katika Kaunti ya Kiambu, Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello waliwachunguza wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwaka wa 2019 walieleza kwamba wengi walipendelea kulipwa mara moja mwisho wa mwezi kuliko kulipwa kila siku, hata kama malipo ya kila siku yangekuwa na faida zaidi. Malipo ya mwezi huwasaidia kuweka akiba, kwani shilingi za kila siku huishia mkononi.

Kirinyaga, kaunti ulipo mji wa Kerugoya, inaishi kwa kalenda kama hiyo. Mkulima wa majani chai hulipwa kila mwezi, na bonasi huja mara nyingi mwezi wa Oktoba. Mkulima wa kahawa husubiri chama cha ushirika kiuze. Mkulima wa mpunga wa Mwea hushika pesa nyingi baada ya mavuno makuu ya kuelekea Desemba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kerugoya anayejaza mabati mwezi wa Juni amefunga mtaji wake miezi minne bure. Mwenye duka la vyakula anayemkopesha mkulima wa chai bila kuandika tarehe ya kulipa ameacha deni lielee. Deni la mfugaji lipangwe siku ya malipo ya maziwa. La mkulima wa mpunga lipangwe wiki ya mavuno. Tena mtu anayetaka tangi la maji au jiko, lakini pesa hazikai mkononi mwake, anaweza kupangiwa alipe polepole, akabidhiwe akimaliza. Muuzaji hapati hatari ya kutolipwa, na mteja amepata mahali pa kuhifadhi akiba yake.

Kwa msingi huu, namshauri mwenye biashara mambo manne. La kwanza, weka daftari moja dogo la mauzo yaliyokuponyoka: kitu kilichoulizwa ukawa huna, chenji iliyokosekana, floti iliyokwisha. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litakuambia bidhaa gani mpya ya kuleta. La pili, mtafute mtu wa biashara kama yako asiyeshindana nawe moja kwa moja. Ukiwa Kerugoya, mtafute wa Embu au Karatina, mwulize ananunua wapi na kwa bei gani, na usiache uhusiano huo ufe. La tatu, kabla ya kupunguza bei kwa sababu simu, semina au jirani amekushauri hivyo, piga hesabu unabakiwa na shilingi ngapi kwa kila kipimo. La nne, usimwogope jirani anayejifunza. Ushahidi wa kaunti ya jirani unasema soko linaweza kukua kwa ajili yenu nyote.

Wanaolipia mafunzo nao wana wajibu wao. Serikali ya Kaunti ya Kirinyaga na Chuo Kikuu cha Kirinyaga kilicho Kutus wanaweza kulipima jambo hili kwa gharama ndogo, kwa sababu nafasi za mafunzo ni chache kuliko wanaozitaka na kura ndiyo njia ya haki ya kuzigawa. Wapige kura hadharani, wawafuatilie waliopata na waliokosa kwa miaka mitatu, kisha watangaze matokeo hata kama hayapendezi. Semina ihesabiwe kwa faida iliyoingia vibandani. Orodha ya waliohudhuria haithibitishi chochote, na mlipa kodi hana sababu ya kuikubali kama ushahidi.