Ijue Nairobi kwa miguu
Wageni hupelekwa KICC na mbugani. Jumapili hii, mzazi, watembeze wanao Kariokor. Jina hilo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebea Waingereza mizigo katika vita vya 1914–1918. Maelfu walikufa, wengi kwa maradhi, si risasi. Songeni Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika miaka ya 1920, kisha Kaloleni, ambako ukumbi wa mtaa ulivuma kwa siasa za akina Tom Mboya miaka ya 1950.

Mkimkuta mzee barazani, mwamkieni, mketi, mwulizeni habari za mtaa. Nyumba kuukuu zinabomolewa kupisha maghorofa, na mzee akienda, huenda na habari zake.