Leza za Awamu Zilizooanishwa: Nadharia Yake, Matumizi Yake na Jina Lake

Leza ni miongoni mwa zana za fizikia ya karne ya 20 ambazo jina lao limekwisha kupata uenyeji katika Kiswahili. Lakini iko aina moja ya leza ambayo jina lake la kigeni, likifasiriwa neno kwa neno, humpotosha msomaji. Jina hilo husema kwamba ndani ya leza hiyo kuna “modi zilizofungwa”. Naye asikiaye neno kufungwa hudhani kwamba kipo kitu kilichozuiliwa kisiende. Sivyo hata kidogo. Makala haya yanakusudia kueleza kwanza jambo lenyewe, kisha kulirudia jina; kwani si sawa kukipa kitu jina kabla ya kukijua.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwaka 1960. Kwa ufupi, leza ni vioo viwili vinavyoelekeana, na baina yake kitu chenye kuongeza nguvu ya nuru. Nuru huenda na kurudi baina ya vioo hivyo, na sehemu yake ndogo hupenya kioo kimoja na kutoka nje. Sasa, kama vile uzi wa gambusi uliofungwa ncha zote mbili usivyoweza kutoa sauti yoyote tu, bali zile ambazo mawimbi yake yanaenea sawasawa katika urefu wa uzi, ndivyo nuru iliyo baina ya vioo isivyoweza kutetema kwa namna yoyote tu. Kila namna ya mtetemo iliyoruhusiwa huitwa modi. Modi hizo hupishana kwa kiasi kile kile, moja hadi nyingine, na leza moja yaweza kuwa na mamia ya maelfu ya modi zinazowaka pamoja.

Zikiachwa zenyewe, modi hizi hutetema kila moja kwa wakati wake, wala hazijali nyingine. Hapo ndipo inapoingia maana ya awamu, yaani mahali mtetemo ulipofikia katika mzunguko wake kwa wakati fulani. Na tuchukue mfano wa wapiga ngoma kumi. Wa kwanza hupiga mara 100 kwa dakika, wa pili mara 101, wa tatu mara 102, na kadhalika hadi wa kumi. Wakianza ovyo, husikika kishindo kisicho na mpango. Lakini wakianza pamoja, basi kila itimiapo dakika moja mikono yote kumi itashuka kwa mara moja, na utasikika mpigo mmoja mkubwa; kisha watatawanyika tena mpaka dakika ifuatayo. Yafaa kuangalia kwamba hakuna aliyezuiliwa, wala aliyebadili mwendo wake. Kilichooanishwa ni awamu zao tu.

Nuru nayo hufanya vivyo hivyo. Awamu za modi zikioanishwa, nuru hujikusanya ikawa mpigo mmoja mfupi unaokwenda na kurudi baina ya vioo. Vioo vikiwa mbali kwa mita 1.5, safari ya kwenda na kurudi ni mita 3, na mipigo hutoka ipatayo 100,000,000 kwa kila sekunde. Kadiri modi zinavyozidi kuwa nyingi ndivyo mpigo unavyozidi kuwa mfupi na mkali. Modi 1,000 zilizo sawa kwa nguvu, zikioanishwa, hutoa kilele chenye nguvu mara 1,000 kupita wastani wake. Nishati haikuongezwa, imekusanywa mahali pamoja.

Njia za kuleta uoanifu huu ni mbili. Ya kwanza ni kuweka ndani ya leza kitu kinachofanya kazi kama lango, nacho hufunguliwa na kufungwa kutoka nje kwa kufuata muda wa safari ya nuru. Njia hii ilionyeshwa na Hargrove, Fork na Pollack mwaka 1964. Ya pili ni kuiachia nuru ijifungulie lango yenyewe: huwekwa rangi inayomeza nuru hafifu na kuipitisha nuru kali, hata mpigo mkali ukaendelea kukua na vipande hafifu vikafa. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, Spence, Kean na Sibbett walitumia fuwele ya safiri yenye titani, wakapata mipigo ya femtosekunde 60 bila ya rangi hiyo. Femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mafungu milioni mara bilioni. Katika femtosekunde 10 nuru, ambayo hukata kilometa 300,000 kwa sekunde, huenda sehemu 3 tu za elfu za milimeta.

Ufupi huo ndio asili ya matumizi yake. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, aliitumia mipigo hiyo kuzitazama atomi zikiachana katika mabadiliko ya kikemia, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Daktari wa macho huitumia kukata konea, kwa kuwa mpigo humalizika kabla joto halijapata nafasi ya kuenea katika nyama iliyo jirani. Tena, kwa kuwa modi zimepangika kwa nafasi sawa kama meno ya kitana, hutumika kuhesabu mitetemo ya nuru ambayo hakuna chombo cha umeme kinachoweza kuihesabu moja kwa moja. Kwa kazi hiyo John Hall na Theodor Hänsch walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2005. Saa sahihi kabisa za siku hizi hutegemea kitana hicho.

Sasa turudi kwenye jina. Imekwisha kuonekana kwamba hakuna modi iliyofungwa. Kilicholetwa ni mapatano ya awamu. Neno kufunga, ambalo kwa Mswahili ni la mlango, la mzigo na la mahabusu, huificha maana hiyo. Kuoanisha huidhihirisha, kwa kuwa vioanavyo hubaki viwili, kila kimoja na tabia yake, ila hupatana. Neno awamu nalo li tayari vinywani mwa watu kwa maana ya hatua katika mfuatano, na kulipanua hata katika mtetemo si kulilazimisha. Mwanafunzi atakayefundishwa “modi zilizofungwa” itambidi asahau jina ndipo aelewe; atakayefundishwa “awamu zilizooanishwa” atakuwa amekwisha kupewa nusu ya nadharia pamoja na jina lenyewe.