INSHA, SEHEMU ZAKE NA MAPAMBO YAKE

Walimu wengi husikitika kuona kuwa wanafunzi wao wajua kusema vizuri barazani, lakini wapewapo kalamu na kuambiwa waandike insha, maneno huwapotea. Wengine huijaza karatasi kwa methali walizozikariri, na msomaji afikapo mwisho hajui alikuwa akiambiwa nini. Basi tumeona yafaa kueleza kwa ufupi insha ni kitu gani, na sehemu zake, na mapambo yake.

Insha ni maandiko mafupi ya nathari juu ya jambo moja. Nathari ni maneno ya mfululizo kama tusemavyo kila siku. Shairi ni maneno yaliyopimwa. Katika shairi la tarbia kila ubeti una mistari minne, na desturi ya watungaji wengi ni mizani 16 katika kila mstari, yaani 8 na 8, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Mwandishi wa insha hakufungwa na vina wala mizani, lakini naye ana sheria yake: kushika jambo moja mpaka mwisho. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alisifiwa sana kwa mashairi, lakini aliithamini insha pia, na kitabu chake kiitwacho Kielezo cha Insha kilitoka mwaka 1954.

Tuseme mwanafunzi amepewa kuandika juu ya daraja la kijiji. Hiyo ndiyo mada, yaani jambo linaloandikiwa. Lakini mada peke yake haitoshi. Lazima awe na hoja, yaani neno analotaka kulithibitisha. Hoja yake yaweza kuwa hii: Daraja lijengwe kabla ya masika, kwa kuwa mto ukijaa watoto hawafiki shuleni na wagonjwa hawafiki hospitali.

Utangulizi huitaja hoja hiyo kwa maneno machache. Kisha hufuata kiini, nacho hugawanywa kwa aya, kila aya na wazo lake: ya kwanza watoto, ya pili wagonjwa. Habari za samaki wa mto huo, ingawa ni tamu, si mahali pake. Mwisho ni hitimisho, ambalo hukusanya yaliyosemwa wala halileti jambo jipya.

Sasa tutazame mapambo. Tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa neno kama "kama" au "mithili ya": Maji yalikwenda kasi kama mshale. Istiara huliacha neno hilo na kukiita kitu kwa jina la kingine: Mto huu ni simba wa masika. Tashihisi hukipa kitu tendo la mwanadamu: Mto ulikataa kutupa njia. Methali hutia nguvu neno lililokwisha elezwa. Mwenye kuwaomba wenzake msaada wa kazi aweza kusema, Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mubalagha ni kulikuza jambo kupita kiasi, kama kusema maji yalifika mawinguni. Katika hadithi hupendeza, lakini katika maombi huharibu. Mtu akiandika kuwa watoto elfu wamezuiwa na mto, hali shule ina watoto 60, mkubwa asomaye atalitilia shaka hata neno la kweli, na daraja halitajengwa.

Hapo ndipo tuonapo kwamba insha si kazi ya mtihani tu. Asemaye barazani huulizwa asipoeleweka, naye hueleza tena. Karatasi haiulizwi. Husomwa mbali, na mtu asiyekijua kijiji wala mto wake, na mwandishi hayupo kuisaidia.

Basi twawashauri walimu wawazoeze wanafunzi hivi: kabla ya kuanza, mwanafunzi aandike hoja yake kwa sentensi moja. Akiisha insha, aisome aya baada ya aya, na kila aya aiulize, "Wewe waisaidiaje hoja yangu?" Aya isiyo na jibu na ifutwe, hata ikiwa ndiyo yenye mapambo mazuri kuliko zote.