Betri Mpya za Boti ya Umeme

Katika boti ya umeme, mota iliyotunzwa vizuri hudumu miaka mingi, lakini betri huchakaa mapema zaidi, na wakati wa kuzibadilisha mwenye chombo hujikuta akifanya uamuzi unaogusa mwendo, uzito na usalama wa boti nzima. Boti za namna hii si ngeni duniani, kwa kuwa Gustave Trouvé aliendesha moja katika mto Seine mwaka 1881, na abiria wa ziwa Königssee huko Ujerumani wamevushwa kwa umeme tangu 1909. Lililo jipya ni kwamba leo mnunuzi ana aina mbili za betri za kupima.

Aina ya kwanza ni betri ya risasi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ambayo mabamba yake ya risasi huzama katika asidi. Ile inayofaa boti hutengenezwa ili itoe umeme wa wastani kwa saa nyingi, tofauti na betri ya gari ambayo kazi yake ni kuwasha injini kwa sekunde chache, na kwa sababu hiyo betri ya gari, hata ikiuzwa bei ya chini kiasi gani, ni hasara katika mota ya boti. Aina ya pili ni ya lithiamu, na hasa ile iliyochanganywa na fosfati ya chuma, ambayo hubeba nishati pungufu kuliko lithiamu ya simu lakini haishiki moto kwa urahisi kama hiyo, sifa yenye thamani kubwa mahali ambapo abiria hawana pa kukimbilia isipokuwa majini.

Kosa la kawaida ni kusoma namba iliyoandikwa kwenye betri kuukuu na kununua nyingine yenye namba ileile. Tuchukue boti yenye betri nane za risasi za volti 6, zilizounganishwa mfululizo kufikia volti 48, kila moja ikiwa na ampea-saa 225, yaani, kwa hesabu ya karatasini tu, ampea 225 kwa saa moja, au ampea moja kwa saa 225. Namba hiyo hupimwa kwa kuimaliza betri polepole katika saa 20, kwa mkondo wa ampea 11 hivi, ilhali mota inayotumia wati 2,000 huvuta ampea 42, na betri ya risasi inapovutwa kwa nguvu hivyo uwezo wake hushuka hadi karibu ampea-saa 180. Kwa kuwa pia haishauriwi kuimaliza zaidi ya nusu, maana ikizoeshwa hivyo hufa mapema, zinazobaki za kutumia ni 90 tu, nazo hutosha saa mbili na dakika chache. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 150, ambayo haipungukiwi sana inapovutwa na inaweza kutumika hadi asilimia 80, huipeleka boti ileile kwa saa tatu. Anayetaka kufika mbali zaidi bila kununua chochote apunguze mwendo, kwani katika boti inayokata maji bila kuruka juu yake, kushusha kasi kwa moja ya tano hupunguza nguvu inayohitajika kwa karibu nusu.

Betri nane za risasi zina kilo 220 hivi, na ya lithiamu ni kilo 70 au zaidi kidogo. Mafundi wengi husifu wepesi huo bila kukumbuka kwamba risasi ilikuwa pia farumi, uzito wa chini unaozuia chombo kuyumba. Ikiondolewa, boti huelea juu zaidi, rafadha husogea karibu na uso wa maji, na huenda ikalazimu kurudisha uzito mahali pake.

Chaja nayo haina budi kukaguliwa. Chaja nyingi za risasi hupandisha volti kupita 60 mara kwa mara ili kusawazisha seli, ilhali betri ya lithiamu yenye seli 16 haipaswi kuzidi volti 58.4. Ndani ya betri hiyo mna kidhibiti kinachokata umeme joto, volti au mkondo unapovuka mpaka, na kikikata boti ikiwa katikati ya mkondo wa maji, mota huzimika ghafla. Hivyo taa na redio zipewe betri yao ndogo, na makasia yasiachwe nyumbani.

Kwa boti inayotoka mara chache kwa mwaka, risasi bado ni chaguo la haki kwa bei yake, mradi ijazwe chaji kila baada ya safari. Kwa boti ya kazi ya kila siku, lithiamu ndiyo nafuu kwa muda mrefu, kwa kuwa huvumilia maelfu ya kuchajiwa pale risasi inapovumilia mamia.

Betri kuukuu za risasi zisiuzwe kwa mnunuzi yeyote wa vyuma chakavu anayepita. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasababishia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Mwenye boti na aziwasilishe kwa mtambo wenye leseni ya kuzishughulikia.